Ushahidi wa Mwandishi kuhusu Utungaji Wake: Máirtín Ó Cadhain na Hadithi Fupi ya Kigaeli cha Ayalandi

Historia ya hadithi fupi katika Kigaeli cha Ayalandi haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kumtaja Máirtín Ó Cadhain (1906–1970). Insha hii inachunguza namna mwandishi huyo alivyoueleza utungaji wa mikusanyiko yake, na kiasi ambacho maelezo hayo yanaweza kutegemewa kama ushahidi wa kihistoria.

Ó Cadhain alizaliwa Cois Fharraige, magharibi mwa mji wa Galway, katika jamii ya wasemaji wa Kigaeli yenye hazina kubwa ya masimulizi. Mwaka 1936 alifukuzwa kazi ya ualimu kwa sababu ya uanachama wake katika Jeshi la Jamhuri ya Ayalandi. Mkusanyiko wake wa kwanza, *Idir Shúgradh agus Dáiríre*, ulichapwa mwaka 1939. Kuanzia 1940 hadi 1944 aliwekwa kizuizini katika kambi ya Curragh bila kufikishwa mahakamani. Humo aliwafundisha Kigaeli mahabusu wenzake, na alimwandikia mwandishi Tomás Bairéad barua kuhusu vitabu, lugha na uandishi. Barua hizo zilichapwa mwaka 1973 kwa jina *As an nGéibheann*. Mkusanyiko wa pili, *An Braon Broghach*, ulitoka mwaka 1948.

Maelezo mashuhuri zaidi kuhusu kazi hiyo yamo katika mhadhara wake wa mwaka 1969, *Páipéir Bhána agus Páipéir Bhreaca*. Humo Ó Cadhain alisimulia jinsi alivyosoma hadithi ya Maksim Gorki iliyotafsiriwa kwa Kifaransa, akatambua kwamba watu wa kijijini kwake nao walistahili kuandikwa kwa namna ile. Alieleza pia kuwa chombo chake kikuu kilikuwa lugha aliyoipata kwa wazee wake.

Matini zenyewe zinauunga mkono ushahidi huo. Katika "An Bóthar go dtí an Ghealchathair", hadithi ya mkusanyiko wa 1948, mwanamke maskini anatembea gizani kwenda kuuza bidhaa zake Galway. Tukio ni dogo. Uzito wa hadithi umo katika uchovu na mawazo yake. Huyu si mhusika wa ngano, ingawa lugha inayomchora ina mizizi katika usimulizi.

Hata hivyo, mhadhara huo ulitolewa miaka 30 baada ya mkusanyiko wa kwanza, tena katikati ya mapambano ya lugha. Jina lake linacheza na Waraka Mweupe wa serikali wa mwaka 1965 kuhusu kufufua Kigaeli: nyaraka za watawala zinapambanishwa na karatasi zilizojazwa maandishi na waandishi. Hivyo basi, kumbukumbu ya Gorki ilikuwa pia hoja, kwamba maisha ya wanyonge wanaosema lugha inayopungua ni maudhui ya fasihi ya dunia. Barua za kambini, kwa upande wake, ziliandikwa kabla ya *An Braon Broghach* kutoka, na mwandikaji wake hakujua kazi hiyo ingefikia wapi. Kwa mtafiti, kuutegemea mhadhara pekee ni kuligeuza zao la miaka mingi kuwa tunda la usiku mmoja.

Katika mhadhara huohuo Ó Cadhain alikiri ugumu wa mtu kutoa kilicho bora katika lugha inayoelekea kufa kabla yake. Kauli hiyo ipimwe kwa matendo yake. *An tSraith ar Lár* ilikuwa imetoka mwaka 1967. *An tSraith Dhá Tógáil* ilifuata mwaka 1970, mwaka wa kifo chake, na *An tSraith Tógtha* ilichapwa mwaka 1977. Majina hayo yanafuata hatua za mavuno: majani yaliyolazwa chini, yanayoinuliwa, na yaliyokwisha kuinuliwa. Kwa hiyo, shaka iliyotamkwa mwaka 1969 haikuwa tamko la kukata tamaa. Ilikuwa maelezo ya mazingira ambamo kazi iliendelea kufanywa.