Mwaka ambao skii zilipanda Kibo

Mwambie mtu wa Moshi kwamba kuna watu waliwahi kuteleza kwa skii juu ya Kibo. Atacheka kwanza, halafu atakuuliza umekunywa mbege kiasi gani. Mimi nimeshachekwa hivyo mara kadhaa, pale stendi na hata kwenye chumba cha habari. Lakini jambo hili lilitokea kweli, msomaji wangu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro wakiwa na skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Kumbukumbu za mlima zinawahesabu kuwa watu wa kwanza kuzitumia huko juu. Huyu Walter, kwa wale wapenzi wa muziki wa Ulaya, alikuwa ndugu yake Wilhelm Furtwängler, yule kiongozi maarufu wa okestra.

Hebu fikiria Moshi ya wakati huo. Tupo chini ya Mjerumani, na reli ya kutoka Tanga imefika mjini mwaka uliotangulia, 1911. Kibo kumebandikwa jina la Kaisari wao. Mangi Meli wa Moshi amenyongwa miaka 12 nyuma, mwaka 1900. Na katikati ya hayo yote wanakuja vijana wawili kucheza na theluji yetu!

Nasema "yetu", na hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Hii theluji imekuwa ya nani hasa?

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima kwa mara ya kwanza. Alidhani kitu cheupe kule juu ni wingu. Kiongozi wake wa njia alikitaja kwa neno moja tu: baridi. Ndugu zangu, hilo ni jibu la mtu anayejua anachokisema. Neno "theluji" lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na yule bwana hakulihitaji. Alitaja kile ambacho kitu kile kinamfanyia binadamu.

Rebmann alisimuliwa pia kwamba Mangi Rengwa wa Machame aliwahi kutuma watu wakachunguze kitu kile kinachong'aa kama fedha. Aliyerudi ni mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Kwa hiyo utafiti wa kwanza wa theluji ya Kibo tunaousoma kwenye maandishi ulitumwa na Mchagga, ukafanywa na Wachagga, na ukalipiwa kwa maisha yao. Lakini kwenye vitabu vingi vya kitalii historia inaanza na Rebmann.

Na hata Rebmann naye hakuaminiwa. Kule London alikuwepo msomi mmoja, William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Yeye alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Ubishi ulikwenda miaka! Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi zaidi ya mita 4,000, na usiku theluji ikawaangukia wenyewe. Mwaka 1871 mmisionari mwingine, Charles New, akapandia upande wa Moshi mpaka akaigusa kwa mkono. Wakati wasomi wanagombana, mama wa Old Moshi anatoka nje alfajiri, anaitazama, anaingia zake ndani kuwasha moto.

Tena sisi tulikuwa na maelezo yetu. Nani asiyeijua hadithi ya Kibo na Mawenzi? Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto, kila mara anakwenda kuomba kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana mmoja ana kichwa kizuri cha mviringo, na mwenzake amebaki na makovu.

Mwaka 1889, tarehe 6 Oktoba, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Walilazimika kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua baada ya hatua, kwa saa kadhaa. Meyer alimtaja kwa jina Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kambini kule juu akiwangoja. Mtoto wa pwani, aliyezoea minazi na joto la bahari, amekaa kwenye baridi ile! Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama mwongozaji wa safari ile, alikuja kuenziwa rasmi mwaka 1989, miaka 100 baadaye. Wapagazi wengine wengi, hawa ambao leo tunawaita wagumu, wamebaki kuwa idadi tu.

Sasa rudi kwenye skii za 1912. Mwaka huohuo Wajerumani wengine wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walikuwa mlimani. Klute alitengeneza ramani ya Kibo iliyoonyesha barafu yake. Ramani hiyo ndiyo kipimo ambacho wanasayansi wameendelea kukitumia. Kwa hesabu yake, barafu ya mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Ilipopimwa kwa picha za mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Mwaka tuliopata mchezo ndio mwaka tuliopata rula ya kupimia msiba.

Furtwängler alipewa barafu yenye jina lake ndani ya kasoko. Mwaka 1976 ilikuwa na mita za mraba 113,000. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa 60,000, na imeendelea kuliwa. Ratzel, ile barafu ambayo Meyer aliichonga ngazi, haipo tena. Leo mtalii wa njia ya Marangu anafika Gilman's Point akikanyaga changarawe na vumbi.

Kwa nini inakwisha? Hapa watu wengi hudhani ni joto tu linaiyeyusha kama barafu ya juisi. Kumbe hewa ya kule juu kwa kawaida iko chini ya sifuri. Kuongezeka kwa joto duniani kumo, lakini watafiti wamekuta jambo jingine kubwa: tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya eneo letu imekuwa kavu zaidi, na theluji mpya imepungua. Theluji mpya ni nyeupe pee, inalirudisha jua lilikotoka. Ikikosekana, barafu kuukuu yenye vumbi inabaki uchi na kulimeza jua lote. Sehemu yake nyingine haipiti hata kwenye maji, inageuka mvuke moja kwa moja.

Kwa maneno mengine, ile siku ambayo mtu wa skii angeiita siku njema, theluji laini imeshuka usiku kucha, ndiyo siku ambayo barafu ya Kibo inapata chakula. Sisi wa Moshi siku hizo tunazijua. Mvua ya masika imepiga usiku, mawingu yanafunguka saa kumi na mbili asubuhi, na Kibo amejifunika shuka jeupe mpaka karibu na tambarare ya kuelekea Mawenzi. Watu wanasimama barabarani kidogo, wanatazama, wanaendelea na daladala. Kufikia saa nne mawingu yamefunga. Hakuna anayeandika tarehe.

Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson walikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na bado ipo, ingawa kidogo. Mwaka 2022 UNESCO ikasema itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Sitaki kubishana na tarehe kama Cooley. Ninachosema ni kwamba kijana mwenye miaka 20 sasa huenda akawahi kuona mwisho wake.

Wakenya, wanaoutazama mlima wetu kutoka Amboseli, walimpeleka Philip Boit kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini ampe mkono. Sisi wenye theluji yenyewe habari zetu nyingi juu yake zimeandikwa na wageni: mbishi wa London, mpandaji, mtu wa skii, mpimaji.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama una babu au bibi Marangu, Machame, Kibosho au Rombo, muulize theluji ilikuwa ikishuka mpaka wapi alipokuwa mtoto. Muulize nani kwenye ukoo aliwahi kubeba mizigo ya Wazungu, jina lake kamili, na alilipwa nini. Andika na tarehe. Na asubuhi ukimkuta Kibo amevaa shuka lake, iandike hiyo nayo kabla mawingu hayajafunga.

Naomba kuwasilisha.