Uzi: Joto la Kericho, nani anasema ukweli?

Wadau, kuna mabishano ambayo lazima yatokee kila kampeni zikifika nyanda za juu za magharibi. Mwaniaji mmoja anashika maikrofoni anasema malaria na chai kuharibika ni mabadiliko ya tabianchi, kwa hivyo msimlaumu. Mpinzani wake anajibu kwamba hakuna joto lolote lililoongezeka, hizo ni hadithi za wafadhili, shida ni zahanati hazina dawa. Umati unapigia wote wawili makofi. Sitaji mtu wala chama, mnajua kanuni ya hizi nyuzi zangu. Leo nauliza kitu kimoja tu: tunajuaje Kericho ilikuwa na joto kiasi gani miaka 50 iliyopita? Maanake swali hili limegombaniwa kweli, tena na wanasayansi, na si kwa upole.

Tuanze na kisanduku. Kama ulisoma Jiografia shule ya upili pengine umekiona: cheupe, cha mbao, kuta zake zina mianya ya kupitisha hewa, kimesimama kwa miguu mirefu uwanjani. Kinaitwa skrini ya Stevenson, jina la mhandisi wa Scotland, Thomas Stevenson, ambaye ndiye baba yake Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Treasure Island. (Hilo mwalimu hakutuambia, nimelijua ukubwani.) Kazi ya kisanduku ni kuzuia jua lisipige themometa moja kwa moja huku hewa ikiendelea kupita. Ndani kuna themometa ya kushika joto la juu kabisa la siku na nyingine ya joto la chini kabisa. Mtu anakuja kila siku, saa ile ile, anasoma, anaandika kwenye daftari. Tukisikia "takwimu za tabianchi" tunafikiria kompyuta. Mwanzo wake ni mtu na daftari, hata siku ya Krismasi.

Sasa chukua daftari kama hilo ulipitishe kwa miongo mingi. Aliyekuwa akisoma anastaafu. Kisanduku kinasongeshwa ili jengo lipate nafasi. Miti ya karibu inakatwa. Themometa inavunjika, inaletwa mpya. Kila moja ya hizo inaweza kufanya namba ziruke na hewa yenyewe haijabadilika hata kidogo. Ofisi nazo hubadilika: huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Waingereza 1929, halafu Jumuiya ilipovunjika 1977 Kenya ikabaki na idara yake. Kwa hivyo huwezi kuokota namba tu ukachora mstari. Unalinganisha kituo na majirani wake, unatafuta mruko wa ghafla ambao majirani hawana, unarudi kwenye kumbukumbu kuona kama kilihamishwa, ndipo unarekebisha. Ni kazi ya mkaguzi wa hesabu, kusema ukweli.

Mbona Kericho hasa? Kwa sababu miaka ya 1990 malaria ilirudi kwa nguvu huko juu, mahali ambapo watu wengi hawana kinga ya kuugua mara kwa mara kama watu wa kando ya ziwa. Na Kericho iko kwenye mpaka. Kimelea kibaya zaidi cha malaria, Plasmodium falciparum, lazima kikomae ndani ya mbu kabla mbu hajaweza kumwambukiza mtu. Joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi kinakomaa polepole sana, mbu anakufa kabla. Wastani wa joto la Kericho unazunguka hapo hapo kwenye 18. Mahali kwingine nusu nyuzi ni kitu hata huhisi. Kwa Kericho inaweza kuamua kama wodi ya watoto itajaa.

Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake wakachapisha utafiti katika jarida la Nature. Waliangalia sehemu nne: Kericho, Kabale ya Uganda, Gikongoro ya Rwanda na Muhanga ya Burundi, kuanzia 1911 hadi 1995. Jibu lao: joto halijabadilika kwa kiwango cha maana, tafuteni sababu kwingine, kwa mfano dawa kushindwa. Na hapo walikuwa na hoja. Klorokwini ilikuwa imeacha kufanya kazi vizuri, hadi Kenya ikaiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria 1998. Tena malaria ya milimani haikuanza juzi. Daktari Garnham aliandika kuhusu milipuko ya aina hiyo katika nyanda za juu za Kenya huko nyuma miaka ya 1940.

Lakini ngoja. Zile namba za joto hazikutoka kwenye daftari la Kericho.

Zilitoka kwenye ramani ya dunia iliyogawanywa miraba, kila mraba nusu digrii, yaani kama kilomita 55 kila upande. Mraba unajazwa kwa kukadiria kutoka vituo vilivyo karibu. Sasa wewe mtu wa huko hebu fikiria: toka Kericho uende kwa mstari ulionyooka kuelekea ziwani, hujamaliza hata kilomita 50 ushafika kwenye mpunga wa Ahero. Hiyo ni hali ya hewa moja kweli? Na kuna shida nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Mahali ambapo vituo ni vichache, ama vimeacha kutuma ripoti, pengo linajazwa kwa wastani wa miaka mingi. Ukijaza mapengo kwa wastani, unapata nini? Mstari uliolala. Joto linaweza kuwa linapanda huko nje, lakini karatasi haioni kwa sababu hakuna aliyeandika.

Wengine walipinga mwaka huo huo wakisema miraba mikubwa hivyo haifai milimani. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakarudia hesabu kwa sehemu zile zile, safari hii 1950 hadi 2002, wakaona joto limepanda kama nusu nyuzi. Wakaonyesha pia kwamba idadi ya mbu inaweza kuongezeka zaidi ya mara kumi ukilinganisha na badiliko lenyewe la joto.

Halafu 2011 ndipo mtu akafungua daftari. Judy Omumbo, pamoja na wenzake akiwemo mtu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, walichukua vipimo vya kila siku vya kituo cha Kericho, 1979 hadi 2009, wakavikagua. Joto lilikuwa limepanda kama nyuzi 0.2 kila miaka kumi, usiku na mchana. Kwa miaka 30 hiyo ni kama nyuzi 0.6. Kumbuka ile 18.

Hapa ndipo sehemu ninayoipenda, na ndiyo sababu nimeandika uzi wote huu. Mwaka huo huo David Stern na kundi lake walirudia hesabu kwa kutumia ile ramani ya miraba, matoleo ya zamani na mapya. Toleo la zamani halikuonyesha kupanda, matoleo mapya yakaonyesha. Wakachukua na vipimo vya kituo vya akina Omumbo: ukikata 1979 hadi 1995, huoni mwelekeo wa maana. Ukichukua 1979 hadi 2009 yote, unauona waziwazi. Kituo ni kile kile, daftari ni lile lile. Na mmoja wa waandishi wa utafiti huo ni Simon Hay mwenyewe, yule wa 2002. Niambieni lini mara ya mwisho mliona hivyo kwenye mdahalo wa televisheni.

Lakini mpenda tabianchi usishangilie bado, kwa sababu karatasi hiyo hiyo ina ya pili. Wagonjwa wa malaria Kericho waliongezeka kati ya 1994 na 2002, kisha wakarudi chini, huku joto likiendelea kupanda. Kuna kitu kingine kilichoivuta malaria chini, na dawa mpya za mchanganyiko, ambazo Kenya iliamua kuzitumia 2004, pamoja na vyandarua, ni washukiwa wakuu.

Kwa hivyo yule mwaniaji wa kwanza amesema kweli kuhusu joto, kisha akalitumia kukwepa swali la zahanati. Wa pili ameuliza swali zuri la zahanati, kisha akakana vipimo vya Wakenya wenzake. Wa kwanza muulize vyandarua viko wapi. Wa pili muulize anaanza kuhesabu mwaka gani, na anaishia wapi.

Nyanya yangu angesema hakuhitaji themometa, zamani sweta haikuvuliwa mpaka saa nne. Namuamini. Ila sweta hailipiwi fidia. Tangu 2022, mkutano wa Sharm el-Sheikh ulipokubali kuanzishwe mfuko wa hasara na uharibifu, nchi kama yetu itaulizwa ushahidi, na ushahidi ni madaftari. Mengi barani Afrika bado ni makaratasi ambayo hayajawahi kuingizwa kwenye kompyuta, yanaliwa na mchwa kwenye stoo.

Kama shule yenu ilikuwa na kisanduku cheupe na daftari lake bado lipo, piga picha kurasa zote, pamoja na jalada lenye mwaka, na pale pembeni ambapo mtu ameandika kwamba themometa imevunjika. Weka hapa chini. Nitaanza na ya shule yangu, kama mlinzi ataniruhusu niingie stoo Jumamosi.