Vifaa vya kutwangia kisamvu

Kisamvu ni mboga inayopikwa kwa majani machanga ya muhogo (*Manihot esculenta*). Vifaa vya kutwangia kisamvu ni vyombo vinavyotumika kuyaponda majani hayo kabla ya kupikwa. Vinavyojulikana zaidi ni kinu na mchi, mashine ya kusagia nyama na blenda ya umeme. Mchicha na matembele hukatwa kwa kisu na kutiwa sufuriani moja kwa moja, lakini kisamvu hakitoshi kukatwa tu. Majani yake ni magumu na yenye nyuzi, tena yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi.

== Jina na uenezi ==

Asili ya muhogo ni Amerika Kusini, na uliletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16. Jina kisamvu hutumika Tanzania na pwani ya Kenya. Mashariki mwa Kongo mboga hiyo huitwa sombe, na kwa Kilingala pondu. Rwanda na Burundi huitwa isombe, Msumbiji matapa, Komori mataba. Wamadagaska huiita ravitoto, maana yake majani yaliyotwangwa, kwa hiyo huko kazi ya kinu imeingia hadi katika jina la chakula chenyewe.

Katika sehemu za Tanzania hupikwa pia kisamvu cha mpira, yaani majani ya *Manihot glaziovii*. Mti huo, ulio ndugu wa muhogo, ulipandwa katika mashamba ya mpira wakati wa utawala wa Wajerumani. Majani yake nayo lazima yatwangwe.

== Sababu ya kutwanga ==

Ndani ya seli za jani la muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini. Katika kuta za seli hizo hizo kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Seli zikipasuliwa huchanganyika, linamarini huvunjika, na mwishowe hutokea sianidi ya hidrojeni. Kemikali hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo huondoka kama mvuke kwa urahisi majani yakiachwa wazi au yakichemshwa bila kifuniko.

Hapa ndipo mpangilio wa kazi unapokuwa muhimu. Linamarini yenyewe haiharibiwi kirahisi na joto, lakini kimeng'enya huharibiwa. Mtu akitumbukiza majani mazima katika maji yanayochemka, anakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na sehemu ya linamarini hubaki ndani ya majani yanayoonekana yameiva. Wako wanaoyapitisha majani katika maji ya moto kwanza ili yalainike kinuni. Hao inawapasa kuyamwaga maji hayo, wala wasiyatumie kama mchuzi. Njia salama zaidi ni kutwanga majani mabichi, kuyaacha kwa muda, kisha kuyachemsha. Watafiti wa Australia walipendekeza kutwanga kwa dakika 10, kuyaacha majani saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu kuyaosha mara tatu.

Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu kwa ghafla, ulielezwa kitaalamu mwaka 1938 na daktari Mwitalia Giovanni Trolli katika Kongo ya Kibelgiji. Unahusishwa na sianidi, ila zaidi ile ya mizizi ya muhogo mchungu isiyoandaliwa vizuri, hasa kwa watu wanaopata protini kidogo. Hata hivyo majani ya muhogo mtamu pia yana linamarini. Utamu wa mzizi si kibali cha kupika majani bila kuyaponda.

== Kinu na mchi ==

Kinu cha kisamvu huchongwa kwa gogo la mti mgumu. Tundu lake liwe na kina cha kutosha, kwa kuwa majani mabichi ni mepesi na huruka nje katika mapigo ya kwanza. Kinu kidogo cha kupondea vitunguu saumu na pilipili hakifai. Mpishi atatwanga konzi moja moja hadi jioni.

Majani huchumwa nchani, yale laini tu, na vikonyo huondolewa. Hutiwa kinuni kidogo kidogo, mara nyingi pamoja na vitunguu. Mchi hauyakati majani bali huyasaga na kuyachana, ndiyo maana kisamvu cha kinu hushikamana na kunywa tui la nazi au karanga vizuri. Kimetosha pale kipande cha jani kisipoonekana tena na rangi imekuwa kijani kilichokolea. Kinu kisafishwe na kukaushwa baada ya kazi, maana majimaji ya majani huacha harufu itakayoingia katika nafaka.

== Mashine ya kusagia nyama ==

Katika nyumba za ghorofa kutwanga ni shida: mtu wa chini husikia kila pigo. Wengi hutumia mashine ya kusagia nyama, ya mkono au ya umeme, na sokoni hununuliwa kisamvu kilichokwisha kusagwa. Mashine hii ndiyo inayokaribia kinu zaidi, kwa sababu huyakamua majani kabla ya kuyakata. Nyuzi zikijizungusha kwenye kisu, mashine husimamishwa, hufunguliwa na kusafishwa. Kulazimisha mkono wake huvunja meno. Mara nyingi majani hupitishwa mara mbili.

== Blenda ==

Blenda huvunja seli vizuri, kwa hiyo kwa upande wa sumu haina kasoro kubwa. Udhaifu wake uko katika ladha na umbile. Haizunguki bila maji, na matokeo yake ni uji wa kijani unaochukua muda kukauka motoni. Anayeitumia huyakatakata majani kwanza, hutia maji kidogo tu, na kuiwasha kwa vipindi vifupi ili mota isiungue na majani yasisagike kupita kiasi.

== Baada ya kutwanga ==

Kisamvu huchemshwa katika sufuria iliyo wazi, mahali penye hewa, hadi kilainike. Baadhi ya wapishi hutia magadi ili kiive haraka. Ndipo huungwa: kwa nazi katika pwani, kwa karanga au kunde sehemu nyingine, na kwa mafuta ya mawese Kongo. Kilichotwangwa huweza pia kugandishwa. Pondu ya barafu kutoka Afrika huuzwa katika maduka ya Waafrika huko Ulaya na Amerika Kaskazini, nayo ikiwa mbichi huhitaji kuchemshwa kama ile iliyotoka kinuni.