Msiba wa Garang na Utulivu wa Juba

Dkt. John Garang alikaa siku 21 tu katika kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Julai 30, 2005, helikopta iliyokuwa ikimrudisha kutoka Uganda ilianguka katika milima ya mpakani. Habari ilipotangazwa Agosti 1, ghasia zililipuka Khartoum, na hapa Juba maduka ya wafanyabiashara wa kaskazini yakaporwa na kuchomwa. Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari 9 ulikuwa haujatimiza hata miezi saba.

Sisi wakimbizi wa kambi ya Kakuma, Kenya, tulikuwa tumeanza kuzungumzia kurudi nyumbani. Nawakumbuka wazee wetu wakikesha redioni, wakiulizana ni nani aliyemuua Garang. Swali hilo, katika vinywa vya watu wenye uchungu, lingetosha kuirudisha vita kabla marehemu hajazikwa.

Halikuirudisha. Rebecca Nyandeng, mjane wake, alijitokeza machozi hayajamkauka, akawasihi watu watulie na kuyalinda maono ya mumewe. Viongozi wa SPLM, vuguvugu lake Garang, walikutana New Site wakamteua Salva Kiir kuwa mrithi wake upesi, uvumi haujapata pa kuota. Kisha mwili ukapitishwa mji kwa mji, Rumbek, Bor na kwingineko, watu wakamlilia mpendwa wao, mpaka maziko ya Agosti 6 hapa Juba. Rais al-Bashir, aliyepigana naye miaka mingi, alihudhuria.

Neno la mfiwa, uongozi usioacha pengo, na kilio kilichopewa siku zake: hayo ndiyo yaliyotuokoa.

Mara nyingine hatukuokoka: Julai 8, 2016, risasi zilirindima nje ya Ikulu, J1, huku Rais Kiir na makamu wake wa kwanza, Riek Machar, wakiwa ndani pamoja. Wote wawili waliomba utulivu mbele ya waandishi wa habari. Lakini nje kulikuwa na askari wa majeshi mawili, kila upande ukimtii mkubwa wake. Mamia ya watu walikufa kabla mapigano hayajasitishwa Julai 11.

Ndiyo maana simkubalii anayesema watu wa Juba ni wepesi wa hasira. Mwaka 2005 tulikuwa na kila sababu ya kurudi vitani, tukajizuia, kwa kuwa waliotuongoza walizungumza kwa sauti moja na kutuachia nafasi ya kulia. Kuwaambia raia watulie ni kazi rahisi. Kazi ya kiongozi ni kuhakikisha kwamba siku ya mshtuko, jeshi ni moja na amri ni moja.