Nani aliwasikiliza wamisionari wa Pwani?

Jumapili moja nikiwa Kilindoni, Mafia, niliamshwa na adhana. Saa chache baadaye nikasikia kwaya ikiimba jirani. Nikaenda kuchungulia. Waumini walikuwa wachache, na wengi niliozungumza nao baada ya ibada walikuwa wafanyakazi waliohamishiwa kisiwani kutoka bara: walimu, muuguzi, askari.

Nikajiuliza: Ukristo una zaidi ya miaka 150 katika Pwani hii. Mbona Mafia umebaki dini ya wageni?

Jibu la haraka ni kwamba wenyeji ni Waislamu tangu enzi na enzi. Kweli, lakini halitoshi. Unguja na Bagamoyo nako walikuwa Waislamu, na huko wamisionari walipata watu. Swali ni je, walipata watu gani?

Askofu Tozer na Edward Steere wa misheni ya UMCA walifika Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wao wa kwanza hawakuwa watoto wa mjini. Walikuwa wavulana watano watumwa, waliokabidhiwa na Sultani Majid. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakawa wanawakomboa watoto watumwa kwa fedha na kuwalea. Wengine walikamatwa na manowari za Uingereza wakiwa majahazini, wakaishia kwenye makazi ya misheni kama Mbweni.

Hebu tafakari hali yao. Baba hayupo, mama hayupo, kwao ni mbali na njia hawaijui. Misheni iliwahubiria wokovu, sawa. Lakini pia iliwaambia: nyumba hii hapa, shule hii hapa, jina lako jipya ni hili, na hawa sasa ni ndugu zako. Mmoja wa waliolelewa hivyo, Cecil Majaliwa, alipewa upadre mwaka 1890.

Tusipambe sana. Bagamoyo watoto walifanya kazi shambani na maisha yao yalipangwa kwa kengele. Wapo waliotoroka. Tumaini lilikuja na mkubwa mwingine wa kutii.

Na wala siyo maneno yaliyowavuta. Steere alitafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, akatumia maneno yaliyokuwa tayari midomoni mwa watu: imani, rehema, malaika, nabii. Hata neno kanisa asili yake ni Kiarabu. Mtu wa Mafia angeyaelewa bila mkalimani.

Mafia nako watumwa walikuwapo, wakihudumia minazi ya mabwana zao. Kisiwa kilitoka kwa Sultani kikaenda kwa Wajerumani mwaka 1890, na utumwa haukufutwa kisheria mpaka Waingereza walipopitisha sheria mwaka 1922. Lakini Mafia haikupata Mbweni yake. Aliyeachwa huru hakuhamishiwa kwenye kijiji cha misheni. Alibaki palepale, na watu walewale.

Na msikiti nao haukuwa umelala. Bagamoyo hiyohiyo ya mapadre aliishi Sheikh Ramiya, aliyeletwa mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Alisoma, akaheshimika, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya mpaka alipofariki mwaka 1931. Asiye na ukoo aliupata kwenye zikri.

Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo siri ilipo. Mtu anayetafuta tumaini hasikilizi mahubiri peke yake. Anaangalia pia spika ikizimwa atakaa na nani. Leo tuna mikutano ya injili viwanjani, tuna redio na televisheni za dini, na sauti zinafika mbali kuliko ya Steere. Je, baada ya mkutano kuna anayemfuata yule mama aliyelia pale mbele mpaka anapoishi?

Mwalimu mmoja pale Kilindoni aliniambia alipougua malaria mwaka wake wa kwanza, wanakwaya walipokezana kumpikia uji. Jirani yake Mwislamu alileta samaki. "Nilikuja hapa sina ndugu," alisema.

Sina ndugu. Nadhani wale wavulana watano wa mwaka 1864 wangesema hivyohivyo. Wewe unaonaje?