Chuma cha Kagera: Elimu Iliyofichwa au Iliyoachwa?

Zinasambazwa katika simu habari kwamba Waafrika wa Kagera waligundua chuma cha pua kabla ya watu wote, kisha wakoloni wakaificha elimu hiyo. Tumeamrishwa kuthibitisha habari kabla ya kuzipokea, nalo jambo lenyewe ni zito: Qur-aan ina Suwrah nzima iitwayo Al-Hadiyd, yaani Chuma.

Lililo kweli

Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta karibu na Bukoba, upande wa Kemondo, mabaki ya matanuri yaliyotumika takriban miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walijenga upya tanuri mbele ya watafiti. Kusini zaidi, pande za Biharamulo na Geita, walijulikana Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma.

Ilivyofanyika

Walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu kwa kuwa unastahimili moto. Ndani walichoma matete ya bwawani mpaka yakawa makaa. Juu wakajenga tanuri, wakapanga mkaa na mawe ya chuma, na pembeni wakaingiza mabomba ya udongo yaliyounganishwa na mivukuto. Hewa ikapulizwa kwa saa nyingi bila kukoma. Mwishoni mavi ya chuma yalishuka, likabaki bonge la chuma, na baadhi yake kilikuwa cha pua.

Lililotiwa chumvi

Kwanza, si kweli kwamba hakuna waliotangulia popote. India ya kusini nayo ilitengeneza chuma cha pua tangu zama za kale. Pili, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa. Wataalamu wengine wamelipinga hilo, na mjadala huo haujapunguza ustadi wa wazee wetu. Tatu, utafiti huo haukufichwa: ulichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, la Marekani.

Kwa nini ilipotea

Hakukuhitajika njama. Majembe na vyuma chakavu kutoka nje viliuzwa kwa bei nafuu, ilhali tanuri moja lilikula miti mingi na siku nyingi za kazi. Fundi akakosa mnunuzi, na kijana hakuona sababu ya kujifunza. Hivyo ndivyo ufundi unavyokufa: mwenye nao anazeeka, na hakuna anayemuuliza.

Faida kwetu

Kazi ile iliambatana na dawa na miiko ya kienyeji. Muislamu hachukui hirizi wala itikadi hiyo, lakini ufundi wenyewe ni jambo la manufaa, na asili ya mambo ya manufaa ni uhalali.

Ndugu zetu wa visiwani, kabla ya kulalamika kwamba tumefichiwa, tujiulize nani amemkalia mzee anayejua kuunda jahazi au kuchoma chokaa, akayaandika anayoyajua. Mpelekeni mtoto kwake akiwa bado hai. Na habari ya njama ikikufikia bila ushahidi, usiisambaze.

Wa Allaahu A‘lam.