Shule ya Misheni ya Bagamoyo: Mawe, Chokaa na Kiswahili

Kila mwaka wanafunzi wetu wanaotoka upande wa Nakivale hutuuliza swali moja, tena kwa mshangao. Wao walikikuta Kiswahili kule Kongo ya Mashariki kanisani na katika shule ya misheni. Je, mbona hapa Mbarara hakikufika kwa mlango huo huo? Mwenzao aliyezaliwa Bwizibwera alifundishwa sala kwa Runyankore, na babu zake walisali kwa Luganda kabla ya hapo. Dini ni ile ile moja, na waliowaletea Ukatoliki ni shirika lile lile la Mapadre Weupe. Basi nini kilitokea njiani?

Ili tulijibu swali hilo vizuri, tunaona ni heri tuanze pale njia yenyewe ilipoanzia, yaani Bagamoyo. Tulifika huko mara ya kwanza tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam. Tulikwenda kuona magofu ya Kaole, tukajikuta tumemaliza siku nzima katika uwanja wa misheni.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, waliichukua misheni ya Zanzibar mwaka 1863 chini ya Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 walivuka bahari wakapata ardhi nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa vilishuka hapo kusubiri majahazi. Wanafunzi wa kwanza wa shule ile walitoka katika biashara hiyo hiyo. Baadhi yao ni watoto ambao mapadre waliwanunua Zanzibar kabla ya Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa mwaka 1873. Wengine waliletwa baadaye na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi baharini.

Tuseme wazi, maana vipeperushi vya watalii hupenda kulipita jambo hili haraka: kukombolewa hakukuwa sawa na kuwa huru. Kengele ndiyo iliyowaamsha, ikawapeleka darasani, shambani na kanisani. Nusu ya siku ilikuwa masomo, nusu nyingine jembe, useremala, uashi au uhunzi. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa kibanda na kipande cha ardhi katika kijiji cha Wakristo, na bado walidaiwa siku za kazi katika mashamba ya misheni. Si wachache waliotoroka. Hata hivyo, Stanley alipopita hapo mwaka 1871 akielekea kumtafuta Livingstone, alichokikumbuka ni chakula kizuri na bendi ya vijana waliompigia nyimbo za Kifaransa. Mgeni huona anachoonyeshwa.

Majengo tunayoyaona leo ni kazi ya mikono ya watoto hao na wazazi wa kijiji kile. Majengo ya mwanzo yaliharibiwa na kimbunga kikubwa cha Aprili 1872, na mengi ya yaliyobaki yalijengwa baada ya hapo. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari za zamani za pwani hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za namna hiyo ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti. Mwanafunzi aliyezoea matofali ya kuchoma ya misheni zetu za bara, kama pale Nyamitanga ng'ambo ya mto Rwizi, hushangaa akigusa ukuta ule na kuona alama za viumbe vya baharini ndani ya jiwe.

Nyumba ya Mapadre, yenye ghorofa, ilijengwa miaka ya 1870. Baraza zake zenye matao ziliongezwa mwaka 1903. Nyumba ya Masista ndiyo makumbusho sasa. Mnara wa kanisa la kwanza ungali umesimama, na hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa mwezi Februari 1874, baada ya Susi na Chuma na wenzao kuubeba kutoka bara. Kanisa kubwa la pili lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Watu wa idara yetu wakifika, sisi huwaomba wasiishie mnarani. Waende kwenye makaburi na kwenye pango la Bikira Maria, lililojengwa na watumwa waliokombolewa mwaka 1876, kisha wajiulize majina ya waashi yako wapi.

Sasa turudi kwenye lugha. Watoto wale walitoka makabila mengi: Wazaramo, Wayao, Wanyasa, na wengine waliokuwa wamekwisha sahau kwao. Hapakuwa na lugha nyingine ya kuwakutanisha ila Kiswahili, hivyo mapadre wakalazimika kujifunza. Kutokana na hali hiyo tulipata kazi ya Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani mwaka 1879 akakaa karibu miaka 20, akisikiliza lahaja moja baada ya nyingine. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1,000, mwaka 1939. Mwanafunzi wa lahaja asiyesoma Kifaransa anapata hasara kubwa, na idara zetu zimechelewa mno kuitafsiri kamusi hiyo.

Mapadre Weupe waliokuja Buganda walianzia safari yao hapo Bagamoyo mwaka 1878. Padre Lourdel na Bruda Amans walitua Kigungu Februari 1879. Waganda wakamwita Lourdel Mapeera, kutokana na namna ya Kifaransa ya kumwita padre. Katika ikulu ya Mutesa walikuta Kiswahili kinajulikana tayari, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wametangulia. Lakini kilikuja pamoja na Uislamu, na wamisionari wa madhehebu yote waliingiwa na hofu. Luganda kilikuwa lugha ya dola yenye nguvu, basi wakakishika hicho. Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili shuleni mwaka 1927, maaskofu walipinga, na Kabaka Daudi Chwa naye akapinga mwaka 1929. Upande wa Kongo hapakuwa na dola kama hiyo kando ya Ziwa Tanganyika. Misheni zikaendelea na Kiswahili kilichotoka pwani.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mwalimu atakayekifundisha Bwizibwera huenda akawa mtoto wa Nakivale, aliyekipata kwa katekista wa Kikongo.

Wanaopanga kwenda Bagamoyo wakati wa likizo waulizie pia mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Kipande cha mnyororo kimemezwa na shina lake. Inasemekana ulifungiwa punda.